Miguu Iliyobusiwa na Miguu Iliyotembea

Katika habari za jirani zetu wa Sudan Kusini ipo miguu ya namna mbili ambayo sisi tunaopigania mageuzi yatupasa kuitafakari kwa makini. Ya kwanza ni miguu iliyobusiwa. Tarehe 11 Aprili 2019, huko Vatikani, Papa Francis, mzee wa miaka 82 aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya mguu, alipiga magoti mbele ya Rais Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wenzao. Aliinama akabusu viatu vyao, mmoja baada ya mwingine, akiwasihi wasirudi vitani. Ya pili ni miguu iliyotembea. Mwishoni mwa Januari 2023, vijana wapatao sitini wa jimbo Katoliki la Rumbek walifunga safari kwa miguu kwenda Juba. Walikata mamia ya kilomita kwa muda uliozidi juma moja, ili wamlaki Papa huyo huyo na wenzake wawili waliokuwa wakija nchini mwao kuhiji kwa ajili ya amani.

Miguu ya vijana ilifika. Miguu ya wakubwa, iliyobusiwa karibu miaka minne kabla ya siku hiyo, ilikuwa ingali imesimama pale pale. Hilo ndilo fumbo tunalotaka kulifumbua katika kurasa hizi. Wala hatulifumbui kwa ajili ya Sudan Kusini peke yake, kwa maana ugonjwa uliowashika jirani zetu hata sisi tumepata kuulalia kitandani.

Tukumbushane kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 3 Februari 2023 Papa Francis alitua Juba akitokea Kinshasa, akajumuika na Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na Iain Greenshields, aliyekuwa Moderata wa Baraza Kuu la Kanisa la Scotland. Wakatoliki, Waanglikana na Wapresbiteri, watu ambao katika karne zilizopita mababu zao wa kidini waliuana huko Ulaya, walikuja bega kwa bega katika nchi iliyogawanyika ili waseme kwamba utengano si amri ya Mungu. Hawakuita safari hiyo ziara. Waliiita hija. Na neno hilo lina uzito wake, kwani mgeni wa serikali hutandikiwa zulia akapigiwa gwaride, lakini hujaji huenda kutubu, kuomba na kusikiliza.

Kwa siku tatu walifanya hivyo. Walikutana na watu waliofukuzwa makwao na vita, wakawasikiliza watoto waliozaliwa na kukulia kambini. Walisali pamoja na maelfu ya watu penye kaburi la John Garang, na Jumapili ya tarehe 5 ikafanyika Misa mahali hapo hapo mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu laki moja. Na asidhani mtu kwamba walikuja katika nchi iliyotulia. Siku moja kabla ya Papa kutua, watu zaidi ya ishirini waliuawa huko Kajo-Keji, katika jimbo lile lile la Equatoria ya Kati ambamo Juba imo.

Wala Papa hakuuma maneno. Ndani ya ikulu, mbele ya Rais na makamu wake, aliwaambia kwamba damu iliyomwagika yatosha. Alikemea mgawanyo usio wa haki wa fedha za umma na njama za siri za kujitajirisha. Akawaonya kwamba vizazi vijavyo ama vitayaheshimu majina yao ama vitayafuta, kwa kadiri ya yale watakayoyatenda sasa. Wakubwa walisikiliza kwa adabu na wakapiga makofi. Rais akatangaza kwamba mazungumzo ya Roma na makundi yaliyokataa kutia sahihi mkataba, aliyokuwa ameyasimamisha miezi michache kabla, yangeanza tena. Kisha wageni wakapanda ndege wakaenda zao.

Ndipo zilipoanza kusikika hoja ambazo sisi tunazipinga.

HOJA YA KWANZA: DINI IACHE SIASA

Wapo wasemao kwamba mtu wa dini kazi yake ni madhabahuni, na kwamba amani ya dola ni shughuli ya wenye dola. Hoja hii si ngeni kwetu Wakenya. Tumelishwa hiyo tangu enzi za chama kimoja, kila mara askofu au mchungaji alipothubutu kuuliza kwa nini kura zilihesabiwa kwa foleni, au kwa nini maskini alinyang'anywa shamba.

Jibu letu ni safari moja fupi. Mwezi Agosti 1990, waziri mmoja wa serikali aliwaonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Henry Okullu kwamba wakithubutu kukanyaga Busia hawatatoka wakiwa hai. Tarehe 14 ya mwezi huo Askofu Muge alikwenda Busia. Aliwaona watu, akasema nao, akashika njia ya kurudi nyumbani. Hakufika. Gari lake liligongana na lori, akafa papo hapo barabarani. Siku chache baadaye waziri yule akajiuzulu. Sisi tulio wanasheria hatutatamka hapa jambo ambalo halikuthibitishwa mahakamani kuhusu chanzo cha ajali ile. Tunasema tu lile lililo wazi kwa kila mtu: kama safari ya mtu wa Mungu haihusiani na siasa, mbona mwanasiasa aliiogopa kiasi cha kuitolea vitisho vya mauti?

Safari ya imani ikiwa ya kweli hugusa mamlaka, itake isitake. Anayehubiri upatanisho katika nchi iliyogawanywa lazima aulize ni nani aliyeigawanya, na kwa faida ya nani. Akiacha kuuliza hivyo, hija yake itakuwa matembezi.

HOJA YA PILI: VYAMA VINGI HULETA UMWAGAJI DAMU

Wengine huitazama Sudan Kusini wakatikisa vichwa na kusema: tazameni, Waafrika na mashindano ya uongozi haviwezani, kila kabila litashika mkuki wake. Wazee wenzetu watakumbuka kwamba huo ndio wimbo tulioimbiwa mwaka 1990 na 1991, wakati tulipodai kifungu cha 2A kiondolewe katika Katiba. Tuliambiwa kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila. Kifungu kikaondolewa Desemba 1991, na kweli mapigano yakawa yamekwisha kuwaka katika Bonde la Ufa. Lakini kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, katika Bunge ambalo wabunge wake wote walikuwa wamechaguliwa kwa tiketi ya chama kimoja, iliwataja baadhi ya vigogo wa chama hicho hicho kuwa wachochezi. Mtabiri wa moto alikuwa na kiberiti mfukoni.

Na huko Sudan Kusini, je? Tusome historia, tusisome uvumi. Vita vya Desemba 2013 havikuletwa na mashindano ya vyama. Vilizuka ndani ya chama kimoja kilichotawala. Uchaguzi ulikuwa ukitarajiwa mwaka 2015, na wakubwa wa chama hicho walikuwa wakigombania nani atakuwa mpeperusha bendera. Julai 2013 Rais Kiir alimwachisha Machar umakamu wa rais pamoja na kulivunja baraza zima la mawaziri. Mwezi Desemba viongozi wa chama walikutana Juba, na usiku wa tarehe 15 risasi zikaanza kulia miongoni mwa askari walinzi wa rais wenyewe. Ugomvi wa mezani ukaingia kambini, wa kambini ukaingia vijijini, na mtu akaanza kuulizwa kabila lake kabla ya kuuliwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba vita hivyo viligharimu maisha ya watu karibu 383,000, baadhi kwa silaha na wengine kwa njaa na maradhi yaliyoletwa na vita.

Fundisho ni nini? Ni kwamba pale ambapo hakuna njia halali ya kumshinda mtawala, njia haramu haikosekani. Chama kisicho na kanuni za kushindana ndani yake, na nchi isiyo na tume huru wala mahakama ya kuamua mashindano, huwaachia wenye tamaa chombo kimoja tu, nacho ni bunduki. Chama chenye jeshi lake si chama cha siasa. Ni kikosi kilichovaa suti. Mageuzi ya vyama vingi ambayo sisi tumeyapigania maana yake si wingi wa bendera. Maana yake ni kwamba anayeshindwa aende nyumbani akiwa hai, na anayeshinda ajue kwamba miaka mitano si milele.

HOJA YA TATU: AMANI KWANZA, HAKI BAADAYE

Hoja hii ndiyo tamu kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Wenye kuisema mara nyingi ni watu wema. Wanasema: Papa alipiga magoti, hakudai mtu ashtakiwe, alisamehe, hakuhukumu. Basi tuwaache wakubwa wapatane, haki tutaizungumza nchi ikitulia.

Kwanza, wanamsingizia Papa. Aliyepiga magoti Roma ndiye aliyesimama ikulu Juba akakemea wizi na damu. Magoti yale hayakuwa cheti cha kufutiwa makosa. Yalikuwa madai mazito kuliko hati ya mashtaka. Mkubwa anapoinama mbele yako mbele ya macho ya dunia, anakutwika deni.

Pili, wanasahau aliyekuwamo katika msafara wa Rumbek. Askofu Christian Carlassare wa jimbo hilo alivamiwa nyumbani kwake usiku mmoja wa Aprili 2021, hata kabla hajasimikwa, akapigwa risasi miguuni. Kutoka kitandani hospitalini alitangaza kwamba amewasamehe waliomtenda hivyo. Lakini dola haikusema kwamba kwa kuwa askofu amesamehe, basi faili lifungwe. Kesi ilisikizwa Juba, na mwaka 2022 mahakama ikawatia watu hatiani, akiwemo padri. Baada ya hapo askofu yule, kwa miguu ile ile iliyopigwa risasi, akawa pamoja na vijana wake katika njia ya kwenda Juba.

Msomaji, tafakari jambo hili. Aliyedhulumiwa alisamehe, na mahakama ikahukumu. Msamaha haukuiziba mahakama mdomo, wala hukumu haikuubatilisha msamaha. Kila kimoja kilifanya kazi yake mahali pake. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa, naye aweza kuutoa bure. Haki ni mali ya umma, na hakuna mtu mmoja, awe rais au mpatanishi, mwenye idhini ya kuigawa kama zawadi. Ikiwa jambo hili liliwezekana kwa risasi zilizompiga askofu mmoja, kwa nini lisiwezekane kwa risasi zilizowapiga maelfu wasio na cheo?

SAFARI YA MACHIFU

Tatu, wasemao amani kwanza hawajui, au wamesahau, kwamba Sudan Kusini yenyewe ilikwisha kutupatia mfano wa safari ya amani iliyoandikwa kwa vipengele. Tuieleze, maana mlango wake ulifunguliwa katika ardhi ya Kenya.

Agosti 1991 harakati za SPLA zilipasuka vipande viwili, na kabla mwaka haujaisha mauaji ya kutisha yakatokea huko Bor. Tangu hapo Wadinka na Wanuer wakawa wanavamiana, wanaporana ng'ombe na kutekana wanawake na watoto. Juni 1998, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha baadhi ya machifu wa pande mbili pale Lokichoggio, Turkana. Mapema mwaka uliofuata machifu wa Kinuer walivuka kwenda kwa Wadinka, na wa Kidinka wakavuka kwenda kwa Wanuer, wakawa wageni katika nyumba za watu waliowahesabu kuwa maadui. Walijitoa wenyewe kuwa dhamana ya maneno yao. Walipoona kwamba wamekwenda na kurudi salama, ndipo ukaitishwa mkutano mkubwa huko Wunlit, tangu mwisho wa Februari hadi tarehe 8 Machi 1999. Fahali mweupe alichinjwa, laana ikatamkwa juu ya yeyote atakayelivunja agano, na zaidi ya watu mia tatu, machifu, wazee, wanawake na viongozi wa makanisa, wakaliwekea mkono.

Kweli, walisameheana makosa ya nyuma, na mpinzani wetu aweza kutuonyesha kipengele hicho. Lakini asome na vipengele vinavyokizunguka! Waliotekwa warudishwe kwao. Malisho na maji ya kuvulia samaki yawe wazi kwa pande zote mbili. Mipaka ilindwe, na uwekwe utaratibu wa kuwashughulikia watakaovunja agano. Aliyepoteza binti alipewa nafasi ya kusimama mbele ya wote akamtaja kwa jina na kuuliza yuko wapi. Ndiyo kusema kwamba msamaha wa Wunlit ulikuja baada ya ukweli kusemwa hadharani, tena ukaambatana na wajibu. Haukuwa msamaha wa kupeana mikono mbele ya kamera.

Agano lile lilituliza mpaka ule kwa kipindi, watu wakarudi malishoni. Mbona basi halikuiponya nchi nzima? Kwa sababu lilikuwa agano la wanyonge. Machifu waliweza kuwafunga vijana wao, hawakuweza kuwafunga majemadari. Juu yao walikuwapo wenye majeshi na wenye tamaa ya mafuta ya petroli ya Upper Nile ya Magharibi, ambao hawakula yamini yoyote mbele ya fahali mweupe. Walio chini walitembea wakaapa. Walio juu walikaa wakatazama. Miaka ishirini na minne baadaye, vijana wa Rumbek walitembea tena, na walio juu wakakaa wakatazama tena.

DAFTARI LA MADENI

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sisi wanasheria tunaongeza neno moja: deni lisilo na mahali pa kudaiwa huwa sadaka. Basi na tulifungue daftari.

Agosti 2015 wakubwa wa Sudan Kusini walitia sahihi mkataba wa amani. Sura yake ya tano iliahidi mambo matatu: tume ya ukweli na maridhiano, mamlaka ya kuwalipa fidia walioathirika, na mahakama maalum ya mseto itakayoundwa na Umoja wa Afrika ili kuwahukumu waliotenda maovu makubwa, bila kujali upande wao. Julai 2016 Juba ikawaka moto tena na mkataba ukafa. Septemba 2018 wakatia sahihi mwingine huko Addis Ababa, na ahadi zile zile tatu zikanakiliwa. Sheria za tume na za fidia zilitiwa sahihi na Rais mwishoni mwa 2024, miaka tisa baada ya ahadi ya kwanza. Mahakama ile, hadi kufikia mwaka 2025, ilikuwa haijaundwa.

Ukurasa wa pili ni uchaguzi. Tangu bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Julai 2011, kura pekee iliyokuwa imewapa wakubwa wale madaraka ni ya Aprili 2010, iliyopigwa wakati nchi ingali sehemu ya Sudan. Agosti 2022 kipindi cha mpito kiliongezwa miaka miwili, na uchaguzi ukapangwa Desemba 2024. Septemba 2024 ukaahirishwa hadi Desemba 2026. Kila mara sababu ilikuwa moja: hatuko tayari. Tunauliza: waliopewa miaka yote hiyo kuitayarisha nchi ni nani, kama si hao hao wanaolalamika kwamba haiko tayari? Mpishi asiyewasha moto hana haki ya kutuambia kwamba chakula hakijaiva.

Ukurasa wa tatu tunausoma kwa huzuni. Machi 2025 mapigano makali yalitokea Nasir, na mwishoni mwa mwezi huo Machar akawekwa katika kizuizi cha nyumbani. Tarehe 21 Aprili 2025 Papa Francis akafariki. Septemba mwaka huo huo Machar akasimamishwa umakamu wa rais na kufikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uhaini, mauaji na makosa dhidi ya ubinadamu. Hatuihukumu kesi hiyo. Hilo ni jukumu la mahakimu. Lakini tunasema hivi: mahakama inayomwita mmoja kati ya waliobusiwa miguu, ilhali ile ya mseto iliyoahidiwa kuwaita wote haijajengwa, haiwezi kulalamika ikishukiwa. Haki ya upande mmoja ni vita kwa njia ya karatasi.

TUSICHEKE, SISI NI WALE WALE

Kuna Mkenya atakayesoma haya akajiona bora. Tunamsihi asifanye haraka. Kweli, Kenya imekuwa sebule ya amani ya jirani zetu. Itifaki ya Machakos ilitiwa sahihi Julai 2002, na Mkataba Mkuu wa Amani ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, kwa usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Mei 2024 mazungumzo mengine yakafunguliwa Nairobi kwa jina la Tumaini. Haya ni ya kujivunia. Lakini mwenye sebule nzuri anaweza kuwa na chumba asichokifungulia wageni.

Baada ya damu ya mwaka 2007 na 2008, Tume ya Jaji Philip Waki ilipendekeza iundwe mahakama maalum humu humu nchini. Februari 2009 Bunge letu likaukataa muswada wake. Kesi zilizopelekwa The Hague zikaporomoka mmoja baada ya nyingine, bila hukumu ya hatia wala bila mjane wa Kiambaa au wa Naivasha kuelezwa mahakamani ni nani aliyemtenda. Katikati ya hayo yote tulifanyiwa mikutano mikubwa ya maombi, na viongozi wa dini wakapanda majukwaani kuwawekea mikono wanasiasa. Tukaambiwa tusameheane, tusonge mbele. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kila uchaguzi unapokaribia, katika Bonde la Ufa zipo familia zinazofunga virago usiku, na hakuna aliyewatuma ila kumbukumbu.

Sisi na jirani zetu tunaugua ugonjwa mmoja: kuipenda amani kama wimbo na kuiogopa kama mkataba.

TUNADAI NINI

Kwanza, tunawadai viongozi wa Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ni mwanachama wake tangu 2016, pamoja na IGAD na Umoja wa Afrika, waache kusimamia sahihi na waanze kusimamia utekelezaji. Mahakama ya mseto iundwe. Shahidi wa mkataba anayenyamaza mkataba unapovunjwa ni mshirika katika kuuvunja.

Pili, tunawadai wenye majeshi wachague moja: siasa au bunduki. Askari wawe wa nchi, na chama kiwe cha wanachama. Na tarehe ya uchaguzi iheshimiwe kama heshima ya kiapo.

Tatu, tunawasihi viongozi wa dini, wa huko na wa huku, wasiikopeshe madhabahu. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa fedha uliotolewa kanisani na Rais wa nchi, likaagiza urudishwe. Huo ndio mwenendo tunaoutaka. Mwanasiasa akija kuombewa, na aombewe. Lakini kabla ya maombi asomewe ahadi zake alizoziandika na kutozitimiza, mbele ya waumini, moja baada ya moja. Hapo ndipo atakapojua kwamba kupigiwa magoti si sawa na kusamehewa deni.

Nne, tunajidai sisi wenyewe. Ni rahisi kuwashangilia mahujaji barabarani kisha tukarudi nyumbani kuwapigia kura wachochezi wa kabila letu kwa sababu ni wetu. Hakuna papa, askofu wala moderata atakayetutembelea kila baada ya miaka mitano kutuzuia tusichinjane. Kazi hiyo ni ya Katiba, na Katiba haina miguu ila yetu.

Ndugu wananchi, hatuidharau hija ile ya Juba. Tunaiheshimu kuliko wale walioipigia makofi ikulu. Wazee watatu wa imani tatu walionyesha kwamba waliofarakana kwa karne nyingi wanaweza kushika njia moja. Vijana wa Rumbek walionyesha kwamba njia iliyojaa hofu inapitika. Machifu wa Wunlit walionyesha kwamba adui anaweza kulala nyumbani kwa adui akaamka salama. Hayo yote yalifanywa na watu wasio na majeshi. Waliobaki ni wenye majeshi.

Miguu iliyotembea imekwisha kufika. Sasa ni zamu ya miguu iliyobusiwa, nayo isipotembea kwa hiari yake, itembezwe na sheria.